Maswali ya Wasomaji: Nani Alishika Mfuko wa Chuo Kikuu cha Virginia?

Katika toleo lililopita tuligusa kwa aya moja tu habari za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ambaye katika uzee wake alianzisha Chuo Kikuu cha Virginia nje kidogo ya mji wa Charlottesville. Tulieleza kwamba chuo hicho kilipata sheria yake kutoka Bunge la jimbo Januari 1819, lakini hakikupokea mwanafunzi hata mmoja mpaka Machi 1825. Miaka hiyo sita iliyo katikati ndiyo iliyowachokoza wasomaji wetu, na barua karibu zote zimekuja na swali moja lililovaa nguo mbalimbali: fedha zilikuwa wapi? Tumechagua barua sita, na ile ya pili tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu inastahili.

Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu wa chuo binafsi kilichofunguliwa miaka michache iliyopita, na kila mwezi naujua uchungu wa kupanga mishahara kabla ada hazijaingia. Naomba kufahamishwa chuo cha Jefferson kilianza na fedha za nani, na ni nani hasa aliyekuwa akizishika. — Mhasibu, Morogoro

Kilianza kwa michango, ndugu yetu, kama zilivyoanza shule nyingi unazozijua wewe na sisi. Kabla ya kuitwa chuo kikuu kilikuwa chuo kidogo cha watu wa wilaya ya Albemarle kilichojulikana kama Central College, na jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 6 Oktoba 1817 mbele ya Jefferson mwenyewe, rais mstaafu James Madison, na James Monroe ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa rais. Orodha ya wachangiaji ilipitishwa mkono kwa mkono, Jefferson akaandika jina lake kwa dola 1,000, wenzake kadhaa wakaandika kiasi hicho hicho, na hatimaye ahadi zikapita dola 40,000. Kiasi kingine kilitokana na kuuzwa kwa ardhi ambazo zamani zilikuwa za Kanisa la Anglikana katika wilaya hiyo, na kutokana na hazina hiyo ndogo ukanunuliwa uwanja wa takriban ekari 200.

Ahadi ni deni, lakini kila aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harambee anajua kwamba hakuna deni gumu kukusanya kuliko hilo. Wachangiaji wa Virginia waliruhusiwa kulipa kwa awamu nne, mwaka hadi mwaka. Awamu ya kwanza ikaja kwa kusuasua, na kabla awamu zote hazijakamilika ukaanguka msukosuko wa uchumi wa mwaka 1819, bei za mazao na ardhi zikaporomoka, benki zikaanza kudai, na mtu aliyeahidi dola 200 akiwa tajiri akajikuta hana hata za kuendeshea shamba lake. Fedha zilizoandikwa kwenye orodha zilikuwapo kwenye orodha tu, na mafundi walikuwa wameshaanza kazi.

Chanzo cha pili ndicho kilichokiokoa chuo. Jimbo la Virginia lilikuwa na mfuko wa elimu, ulioundwa mwaka 1810 na kulishwa kwa faini, mali zilizotaifishwa na urithi usio na mrithi, kisha ukanenepa ghafla baada ya serikali ya Washington kulilipa jimbo madeni ya vita vya 1812 dhidi ya Uingereza. Kwa sheria ya mwaka 1818 mfuko huo ulipangiwa kutoa kila mwaka dola 45,000 kwa ajili ya kusomesha watoto wa maskini, na dola 15,000 kwa ajili ya chuo kikuu. Hizo 15,000 ndizo zilizokuwa pato la hakika la chuo, na msomaji azishike vizuri kichwani kwa sababu tutazirudia.

Kuhusu nani alizishika, jibu ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyezishika zote, na hili ni jambo ambalo wewe kama mhasibu utalithamini. Juu kabisa lilikaa baraza la watu saba, Jefferson akiwa mwenyekiti, ambalo kila mwaka lilipaswa kutoa taarifa ya mapato na matumizi kwa wakuu wa mfuko wa elimu ili ifikishwe bungeni. Chini ya baraza alikuwapo Arthur Brockenbrough, aliyeajiriwa mwaka 1819 kuwa msimamizi wa mali na majengo: yeye ndiye aliyefunga mikataba, aliyepima kazi ya fundi na kuthibitisha kwamba imefanyika, na aliyeandika hati ya malipo. Lakini mkono uliotoa fedha ulikuwa mwingine, wa mweka hazina Alexander Garrett. Aliyekagua ukuta hakulipa, na aliyelipa hakuukagua ukuta.

Ugumu ulikuwa katika umbali. Fedha za mfuko zilikuwa Richmond, makao makuu ya jimbo, mwendo wa takriban kilomita 110 kwa barabara za siku hizo, na zilihama kwa hati na barua. Hati ikichelewa posta, fundi wa matofali naye alichelewa kula. Tukizisoma barua zao za miaka hiyo tunawakuta wazee wawili au watatu wenye heshima zao wakiulizana jambo ambalo wewe huliuliza kila tarehe 25: je, kilichopo kinatosha kuwalipa watu mpaka kingine kije?

Mhariri, salaam. Nafundisha historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu waliposikia kwamba chuo kilipewa ruzuku tangu 1819 lakini kikafunguliwa 1825, waliniuliza kama fedha ziliibwa, nami nikakosa la kuwajibu. Je, ilikuwa busara kujenga kwa miaka sita bila kufundisha mtu yeyote? — Mwalimu, Mombasa

Waambie hazikuibwa, Mwalimu. Lakini waambie pia kwamba swali lao liliulizwa na watu wazima katika Bunge la Virginia, tena kwa ukali zaidi.

Jefferson alikuwa na mpango wa majengo ambao haukubali kukatwa vipande. Alitaka nyumba kumi za maprofesa, tano kila upande wa uwanja mrefu wa majani, kila nyumba ikiwa na darasa chini na makazi juu. Baina ya nyumba hizo alitaka vyumba vya wanafunzi vilivyopangwa kwa safu. Nyuma yake safu nyingine zenye nyumba sita za kulia chakula. Na mbele ya vyote, kichwani pa uwanja, jengo la kuba lililoigwa kutoka hekalu la Pantheon la Roma, kwa nusu ya kipimo chake, liwe maktaba. Jengo hilo huitwa Rotunda mpaka leo. Ukiitazama ramani hiyo ukiwa na ruzuku ya dola 15,000 mkononi, unaona mara moja kwamba ama ramani ipunguzwe au fedha ziongezwe.

Kulikuwa na njia ya tatu, ambayo wengi waliiona ndiyo ya mtu mwenye akili timamu, nayo ni kufungua mlango na maprofesa wawili watatu, kukusanya ada, na kujenga pole pole. Jefferson aliikataa kabisa, na hoja yake si ya kupuuzwa. Mishahara, alisema, haina mwisho; ukishaanza kuwalipa maprofesa kutokana na ruzuku, ruzuku yote itakwenda huko kila mwaka, na majengo yaliyobaki hayatajengwa milele. Halafu Bunge likizoea kuona chuo kidogo kinachojiendesha, litasema kinatosha. Kwa hiyo majengo kwanza, yote, na mwanafunzi baadaye.

Basi akakopa. Mwaka 1820 Bunge lilikiruhusu chuo kukopa dola 60,000. Mwaka 1821 likaruhusu 60,000 nyingine. Na mwaka 1823, kwa ajili ya Rotunda hasa, 60,000 za tatu. Kinachochekesha, kama deni linaweza kuchekesha, ni kwamba mkopeshaji alikuwa ule ule mfuko wa elimu uliokuwa ukitoa ruzuku. Mfuko ulitoa kwa mkono wa kulia dola 15,000 za mwaka, kisha ukanyoosha mkono wa kushoto kudai riba.

Mpe mwanafunzi wako chaki aifanye hesabu hii ubaoni. Mkopo wa dola 60,000 kwa riba ya asilimia sita unadai dola 3,600 kila mwaka. Mikopo mitatu inadai dola 10,800. Ondoa hizo katika ruzuku ya 15,000, unabaki na 4,200. Profesa mmoja aliahidiwa mshahara wa dola 1,500, na baraza lilitaka wanane baada ya kupunguza idadi ya kumi waliyoipanga mwanzoni. Dola 4,200 haziwatoshi maprofesa watatu, sembuse wanane, na hapo hatujalipa hata senti moja ya deni lenyewe. Kwa maneno ya hesabu tupu, kufikia mwaka 1823 Chuo Kikuu cha Virginia kilikuwa kimejenga nyumba nzuri kuliko chuo chochote Marekani, na hakikuwa na uwezo wa kufunguliwa.

Je, Jefferson hakuliona hili? Aliliona vizuri sana, na maoni yetu ni kwamba alilitegemea. Alijua kwamba Bunge lisingethubutu kuyaacha magofu mapya ya matofali yakiota nyasi juu ya kilima, mbele ya macho ya wapita njia wote. Kila mkopo ulifanya kuuacha mradi kuwe ghali kuliko kuumaliza. Wabunge waliokuwa wakipinga walinung'unika kwamba wanaburutwa, na kwa hakika walikuwa wakiburutwa.

Aliyekuwa akiwaburuta Richmond alikuwa Joseph Cabell, seneta wa jimbo na mjumbe wa baraza la chuo, ambaye mchango wake hutajwa mara chache. Ndiye aliyehesabu kura, aliyetuliza makundi ya dini yaliyokitilia shaka chuo kisicho na kanisa, na aliyejibu swali la kwa nini fedha ziende kwa watoto wa wenye mashamba ilhali watoto wa maskini wanasubiri. Swali hilo la mwisho, tuseme kweli, halikuwahi kupata jibu zuri. Mwaka 1821 Cabell alikuwa mgonjwa na alitaka kuondoka kwenye Seneti. Jefferson akamwandikia barua ya kumsihi iliyojaa uchungu wa mzee anayeona kazi yake ya mwisho ikimponyoka, na Cabell akabaki.

Wahenga wetu wanasema dawa ya deni kulipa. Chuo hiki kilipata dawa nyingine. Mwanzoni mwa 1824 Bunge lilikubali kuifungua ruzuku kutoka kwenye kifungo cha riba, ili dola 15,000 ziende zote kwenye uendeshaji, na mwaka huo huo likatenga dola 50,000 za vitabu na vifaa vya sayansi. Hata hizo 50,000 hazikuwa fedha taslimu: zilikuwa sehemu ya madai ambayo jimbo bado lilikuwa nayo kwa serikali ya Washington, na chuo kilipaswa kungoja mpaka Washington ikubali kulipa. Jefferson, ambaye aliandaa orodha ya vitabu 6,860 vyenye thamani ya takriban dola 24,000, alilazimika kungoja akiwa na miaka 81.

Kwa hiyo ilikuwa busara? Ilikuwa kamari iliyoliwa na mchezaji aliyewajua vizuri waliokaa mezani. Mhasibu wetu wa Morogoro akiijaribu kwa chuo chake, asiye na rais mstaafu kwenye baraza wala seneta kwenye Bunge, benki itakuja kuchukua viti. Na hata Virginia haikupita bila hasara: miaka sita ya vijana ambao wangesoma na hawakusoma haimo katika daftari lolote.

Nimesoma kwamba mawe ya nguzo za chuo hicho yaliletwa kutoka Italia. Huu si ubadhirifu? — Msomaji, Kigoma

Inaonekana hivyo, lakini kisa chenyewe kinaonyesha jinsi gharama zinavyoweza kumzunguka mtu. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kubana matumizi: mwaka 1819 waliletwa wachonga mawe wawili kutoka Italia, Michele na Giacomo Raggi, ili wachonge vichwa vya nguzo kwa kutumia mawe ya pale pale Virginia, ambayo yangekuwa ya bure au karibu na bure. Walipoyagonga mawe yale kwa patasi wakakuta hayashiki nakshi. Yanamomonyoka kabla ua halijatoka. Chuo kikawa kimelipia safari ya mafundi wawili kuvuka Atlantiki, na mishahara yao inatembea, na kazi hakuna. Michele akaondoka mwaka uliofuata.

Hapo ndipo hesabu mpya ilipoonyesha kwamba ni nafuu zaidi kuagiza vichwa vya nguzo vikiwa vimekwisha kuchongwa kwa marumaru ya Carrara, kupitia Thomas Appleton, balozi mdogo wa Marekani katika bandari ya Livorno, na kuvileta kwa meli. Jiwe la Italia likawa rahisi kuliko jiwe la nyuma ya nyumba.

Katika kazi nyingine walijitahidi zaidi kudhibiti bei. Mafundi wa mbao walitakiwa kutoa zabuni zao kwa kulinganisha na kitabu cha bei kilichochapishwa Philadelphia mwaka 1812: fundi hakuandika bei yake tu, aliandika atafanya kazi kwa asilimia ngapi juu au chini ya bei za kitabu. Utaratibu ule ni mzuri kwa mlipaji, kwa kuwa unapima zabuni zote kwa kipimo kimoja, ila ulizaa ugomvi kila ilipofika wakati wa kupima kazi iliyofanyika, na fundi mmoja, James Oldham, aliupeleka ugomvi wake na msimamizi Brockenbrough mpaka mahakamani. Rotunda peke yake ilikuja kula karibu dola 60,000.

Je, ni kweli kwamba watumwa ndio waliojenga chuo hicho, na kama ni kweli, je, wanaonekana katika hesabu? — Msomaji, Bujumbura

Ni kweli, na wanaonekana, lakini kwa namna inayomfanya msomaji aliache daftari kidogo na kutazama pembeni.

Chuo katika miaka ya ujenzi kiliwakodi watu kutoka kwa mabwana zao. Desturi ya Virginia ilikuwa kwamba mkataba wa kukodi mtu huanza Januari na kwisha wakati wa Krismasi. Anayekodi hutoa chakula, nguo, viatu na blanketi, na mwisho wa mwaka humlipa bwana. Watu hao waliokodiwa walisawazisha kilima kwa majembe ili kupata ule uwanja mrefu, walichimba udongo, walifyatua na kuchoma matofali, walibeba, walipika, walitengeneza mbao. Kwa hiyo katika hesabu za msimamizi unaikuta safu ya matumizi yenye jina la kwanza la mtu, wakati mwingine bila jina la pili, na mbele yake jina kamili la bwana anayelipwa. Fedha inakwenda kwa mwenye majina mawili. Aliyefanya kazi anabaki kuwa maelezo ya malipo.

Kwa mtazamo wa kihasibu, kukodi kulikifaa chuo ambacho hakikuwa na mtaji: hakikulazimika kutoa mamia ya dola kumnunua mtu, kilitoa kodi ya mwaka tu, na deni hilo nalo likangojewa mpaka Desemba. Baadaye hata hilo la kununua lilifanyika. Mwaka 1832 chuo kilimnunua Lewis Commodore kwa dola 580, akawa mgonga kengele na mtunzaji wa Rotunda. Uchunguzi wa chuo chenyewe katika miaka ya karibuni umekadiria kwamba watu wapatao 4,000 waliishi na kufanya kazi hapo wakiwa watumwa kati ya 1817 na 1865. Kuanzia 2020 upo mnara wao wa mawe karibu na Rotunda, na sehemu kubwa ya kuta zake ni alama zilizochongwa bila jina, kwa kuwa daftari halikuyahifadhi majina.

Tusisitize jambo moja kwa wale wanaopenda kuzisifu hesabu za Jefferson kwa unadhifu wake. Hesabu zile zilikuwa nadhifu. Makadirio ya gharama zake yalikuwa ya chini mno hata hivyo, na gharama zingekuwa kubwa zaidi kama kila mkono uliofyatua tofali ungelipwa.

Mwanangu anaanza chuo mwaka huu na ada imenishinda kabla hata sijamnunulia godoro. Chuo hicho cha Jefferson kilitoza kiasi gani? Na ni kweli mwandishi Edgar Allan Poe alifukuzwa kwa kukosa ada? — Mama wa watoto wanne, Nairobi

Pole, Mama. Chuo kilipofunguliwa tarehe 7 Machi 1825, baada ya kuchelewa mwezi mzima kwa sababu maprofesa watatu walikuwa bado baharini kutoka Uingereza kwenye meli iliyokawia, walifika wanafunzi 40 hivi tu, na idadi ikapita 100 kabla ya mwaka kwisha. Ada za masomo ziliwekwa kwa hesabu ya walimu: aliyesoma kwa profesa mmoja alilipa dola 50, kwa wawili 60, kwa watatu 75. Fedha hizo zilikwenda kwa profesa mwenyewe juu ya mshahara wake, kwa hiyo mwalimu mwenye darasa lililojaa alikula vizuri kuliko mwenzake, na baraza likawa limejipunguzia mzigo wa kupandisha mishahara. Chakula kilikuwa jambo la peke yake. Chuo hakikupika, zile nyumba sita za kulia zilikodishwa kwa wapangaji waliolisha wanafunzi kwa malipo, nao wakakilipa chuo pango.

Poe hakufukuzwa. Alifika Februari 1826 akiwa na miaka 17, na kisa chake utakielewa kuliko sisi wote. Miaka mitano baadaye alimwandikia mlezi wake, John Allan, barua ya hasira ambamo alizichambua fedha alizopewa siku ile kwa senti na dola. Alipewa dola 110. Hamsini zilitakiwa papo hapo kwa ajili ya chakula na sitini kwa ajili ya maprofesa wawili, zikaisha. Bado kulikuwa na 15 za chumba, 12 za kitanda na 12 za samani, zote zikidaiwa mapema. Jumla ya pungufu ni dola 39 kabla hajafungua kitabu, na gharama za mwaka mzima, kwa makadirio yake ya chini kabisa, zilikuwa 350. Ni hesabu ya kijana mwenye kinyongo, lakini majumlisho yake ni sahihi, na viwango vya ada alivyotaja vinalingana na vile vya baraza.

Alijaribu kuziba pengo hilo kwa karata, akatoka Desemba ya mwaka ule ule na madeni ya kamari yapatayo dola 2,000. Si yeye peke yake. Vijana wa wenye mashamba walikopa nguo, farasi na pombe kwa wafanyabiashara wa Charlottesville, waliouza kwa mkopo wakijua baba atalipa. Baraza lilikaza kanuni kwamba kila mwanafunzi akabidhi fedha zake zote kwa msimamizi, ambaye atamlipia madeni halali, na mwaka 1827 likaagiza sare ya kitambaa cha kawaida ili kuzuia mashindano ya mavazi. Brockenbrough, aliyeajiriwa kuhesabu matofali, akawa pia mlezi wa mifuko ya watoto wa watu.

Swali fupi: inasemekana Jefferson mwenyewe alikufa fukara. Mtu huyo alipewaje chuo kukisimamia? — S., Dar es Salaam

Alikufa tarehe 4 Julai 1826 akiwa anadaiwa zaidi ya dola 100,000. Baadhi ya madeni yalikuwa ya zamani, na mengine ya maisha ya gharama. Lakini pigo baya lilimpata mwaka 1818, alipoweka sahihi yake kumdhamini rafiki yake Wilson Cary Nicholas kwa mikopo ya dola 20,000. Msukosuko wa 1819 ukamfilisi Nicholas, naye akafariki mwaka uliofuata, na deni likamwangukia mdhamini. Kwa hiyo katika miaka ile ile aliyokuwa akiandika taarifa za mapato na matumizi ya chuo, mchana alihesabu dola 60,000 za mkopo wa umma na usiku riba ya madeni yake. Tunachoweza kusema ni kwamba hakuchanganya mifuko hiyo miwili. Fedha za chuo zilipita kwa Brockenbrough na Garrett, hazikupita mezani kwake.

Bunge lililokisamehe chuo riba halikumsamehe yeye. Februari 1826 lilimruhusu tu kuendesha bahati nasibu ya kuuza ardhi yake, na bahati nasibu hiyo haikuchezwa kamwe. Madison akachukua uenyekiti wa baraza. Januari 1827 vitu vya Monticello, nyumba na shamba la Jefferson, vikapigwa mnada pamoja na watu 130 waliokuwa watumwa wake, na mmoja wa watu wa nyumba ile, fundi wa mawe Thrimston Hern, akanunuliwa na Arthur Brockenbrough, yule yule msimamizi wa chuo.